Webmeili ya ofisi kwenye brauza ya simu inanitoa nje kila saa, wadau wa Kigoma na Tabora nisaidieni

bint_Mwanga

Habari za jioni wadau. Nina shida na imeili ya ofisi, anayejua anisaidie maana nimechoka. Niko Kigoma mjini, ofisi yetu iko huku Mwanga, tunanunua dagaa na mawese tunasafirisha Dar na mikoa mingine, ofisi ndogo tu ya watu wachache. Imeili zetu ni za jina la ofisi sio Gmail, kuna kaka alitutengenezea tovuti akatufungulia na hizo imeili humo humo, sasa ukiandika ile anwani yenye 2096 mwishoni inakuja sehemu ya kuweka jina na pasiwedi halafu unaingia kwenye kitu kinaitwa Roundcube, humo ndio tunasomea barua. Kompyuta tulikuwa nayo moja, imekufa, na bosi anasema tusubiri kwanza mzigo ulipwe. Kwa hiyo sasa hivi kila kitu ni simu, na simu yenyewe ni ya ofisi, Android ya GB 16 ambayo imeshajaa picha za mizigo za WhatsApp, tunaishika watatu kwa zamu.

Inavyokuwa ni hivi. Naingia kwa Chrome vizuri tu, barua nazisoma ila maandishi ni madogo kama yale ya kwenye karatasi ya ndani ya boksi la dawa, inabidi nivute kwa vidole nisogeze kulia nirudi kushoto ndio nimalize mstari mmoja. Hilo nimelivumilia. Kasheshe ni kujibu. Naandika weee, simu inaita napokea, au naenda WhatsApp mara moja kuangalia bei niliyotumiwa na mtu wa Kibirizi, nikirudi naambiwa niingie upya na barua yangu haipo. Na mara nyingine hata sijatoka kwenye ukurasa, nimetoka tu ofisini kwenye waifai nikawasha data nje, nikibonyeza kutuma kinakuja kiandiko cha kizungu kwamba anwani ya IP imebadilika, niingie tena. Halafu picha za risiti hazipandi, inazunguka inazunguka mwisho inagoma.

Hii ni simu, ni Chrome, au ni huyo kaka aliyetutengenezea? Na tafadhali asije mtu kuniambia ninunue laptop.

---

Kapteni_Kibirizi

Pole dada. Mimi natumia Opera Mini miaka yote, kurasa nyepesi na bando halitembei. Toa hiyo Chrome weka Opera Mini utanishukuru.

---

Nyuki_Sikonge

Unajitesa bure. Mwambie huyo kaka aweke barua zote za ofisi zijitume zenyewe kwenye Gmail, uwe unasomea huko kwenye programu ya Gmail ambayo iko kwenye simu tayari. Kwisha kazi. Roundcube ni ya watu wenye kompyuta.

---

Fundi_Isevya

Mwangaluka wadau, mimi niko Tabora hapa Isevya, kazi yangu ni hizi hizi. Dada hapo hauna tatizo moja, una matatizo manne yamegongana ndio maana unaona kama simu imerogwa. Ngoja niende moja moja, nitaandika sana mnivumilie.

Maandishi madogo. Roundcube ina nguo tofauti tofauti za kuivalisha. Ile ya zamani inaitwa Larry, ilichorwa kwa ajili ya skrini ya kompyuta, ukiifungua kwenye simu inabanwa tu iingie. Kuanzia toleo la 1.4 lililotoka Novemba 2019 walileta nyingine inaitwa Elastic, hii inajipanga yenyewe kulingana na skrini, kwenye simu orodha ya barua inakaa peke yake, ukigusa barua inafunguka skrini nzima. Ingia kwenye mipangilio ya Roundcube (mipangilio ya humo ndani, sio ya simu), tafuta mapendeleo, kisha sehemu ya mwonekano, utaona majina, chagua Elastic uhifadhi. Usipoiona kabisa basi ama seva yenu ina toleo la zamani ama wenye seva wameifunga, hapo aulizwe kaka yenu. Lakini kabla ya yote bonyeza vile vidoti vitatu vya Chrome uangalie kama haijawekewa tiki sehemu ya kuonyesha tovuti kama kwenye kompyuta. Hiyo tiki watu wanaiweka siku moja kwa ajili ya fomu fulani halafu wanaiacha, na kwa simu ya watu watatu siwezi kushangaa.

Kutolewa nje ukienda WhatsApp. Roundcube kwa mpangilio wake wa kuzaliwa inakuhesabu umeondoka kama dakika 10 zimepita haijasikia kitu kutoka kwako. Kwenye kompyuta huwezi kuliona hili kwa sababu ukurasa ukiwa wazi unapiga hodi kwenye seva wenyewe kila baada ya muda mfupi hata wewe ukienda kunywa chai. Simu haiko hivyo. Ukitoka kwenye Chrome, Android inaulaza ule ukurasa ili ipate nafasi ya kile ulichofungua, na simu yenye ramu ndogo inaulaza haraka zaidi, wakati mwingine inauua kabisa. Ukurasa umelala, hodi haipigwi, seva inakufungia mlango. Wewe unaona kama umetoka kidogo tu, kumbe mtu wa Kibirizi kakuweka robo saa mnabishana bei.

Dawa yake: kwenye mipangilio hiyo hiyo kuna sehemu ya uandishi wa barua, humo kuna kuhifadhi drafti yenyewe. Ikija haijaguswa inakuwa dakika 5, ishushe iwe dakika 1. Na kabla hujatoka kwenda popote bonyeza hifadhi kwa mkono wako, usiiamini mashine. Kingine ambacho wengi hawakijui, Roundcube inaweka nakala ya unachoandika ndani ya brauza yenyewe, kwa hiyo ukitolewa, ingia tena kwa simu hiyo hiyo na brauza hiyo hiyo, fungua kuandika barua mpya, mara nyingi itakuuliza kama unataka kurudisha barua ambayo haikutumwa. Watu wanabonyeza hapana kwa haraka ndio inapotea jumla. Bonyeza ndiyo.

Hiyo ya IP. Hii si Roundcube, ni cPanel iliyoibeba, yaani mtambo wa kuendeshea tovuti na imeili kwenye seva, ile 2096 ndio mlango wake. Kuna ulinzi unaoshika IP uliyoingilia (namba ya mtandao unaoutumia), ikibadilika katikati unadhani mtu ameiba kikao chako, yaani ule muda tangu uingie mpaka utoke. Kwa mtu wa kompyuta ofisini ni ulinzi mzuri. Kwa mtu wa simu ni mateso, kwa sababu ukitoka waifai kwenda data IP lazima ibadilike, na hata ukiwa kwenye data tu mtandao unaweza kukupa nyingine bila kukuuliza. Mwenye seva anaweza kupunguza ukali wa hicho kitu au kukizima, kipo kwenye mipangilio ya WHM (upande wa cPanel wa mwenye seva) sehemu ya usalama. Sema kama kaka yenu amekodi kijumba tu kwenye seva ya watu wengi hana hiyo funguo, msimlaumu. Wewe kwa upande wako amua kabla hujaingia, ni waifai au ni data, uandike na utume ukiwa humo humo.

Picha. Seva nyingi zinatumia PHP (lugha ya programu inayoiendesha Roundcube), na PHP ikiachwa kama ilivyozaliwa inapokea faili la MB 2 tu. Picha moja ya kamera ya simu za siku hizi inapita hapo bila shida. Na kiambatanisho kikiingia kwenye imeili kinavimba kama theluthi moja zaidi kwa jinsi kinavyofungashwa, kwa hiyo hata bando linaliwa kuliko unavyodhani. Njia ya kienyeji ambayo inafanya kazi: jitumie hiyo picha WhatsApp, WhatsApp inaikamua inabaki ndogo, halafu ambatanisha ile iliyokamuliwa, risiti itasomeka kama uliipiga kwa karibu na kwenye mwanga. Njia ya kiofisi ni programu ya Google Drive, ina kitufe cha kuskani kwa kamera, inakutolea PDF moja hata ya kurasa nyingi. Mhasibu wa Dar atakupenda.

Kapteni nakuja kwako baadaye, kuna mteja hapa.

---

Mwl_Kasulu

Fundi umemaliza nadharia yote. Mimi niseme kidogo juu ya ushauri wa Nyuki wa kuhamishia kila kitu Gmail, kwa sababu unasikika mtamu. Kwanza barua ikitoka kwa mteja ikapita kwenye seva yenu ndio ikaenda Gmail, Gmail inaona jina ni la mteja lakini aliyeileta ni seva nyingine ambayo mteja hajaiorodhesha, kwa hiyo baadhi zitaangukia kwenye takataka na hautajua. Pili ukijibu kutoka Gmail, bila kuweka mipangilio ya ziada, mteja anaona jibu limetoka kwenye anwani ya Gmail ya mtu binafsi, na siku hizi kwenye malipo hiyo inamtisha mtu, anadhani katapeliwa. Na wale wanaosema basi Gmail iende yenyewe kuzivuta barua kwa POP (njia ya kuzishusha barua kutoka kwenye seva), Google walitangaza kwamba huduma hiyo kwenye Gmail wanaiondoa mwaka 2026, kwa hiyo msijenge hapo.

Halafu kuna suala la siri za ofisi kuhamia kwenye akaunti ya mtu mmoja. Akiacha kazi?

---

Nyuki_Sikonge

Mwalimu hapo kwenye takataka umenipata, kuna oda ya asali niliikuta huko imeshapoa. Mengine tutabishana.

---

bint_Mwanga

Jamani asanteni sana, Fundi Mungu akubariki. Elastic ipo! Nimeibadilisha sasa hivi imekuwa kama programu kabisa, vitufe vikubwa, nasoma bila kuvuta. Na ile tiki ya Chrome ilikuwepo kweli, sijui nani aliiweka na hakuna anayekubali. Drafti nimeweka dakika 1.

Sasa limeibuka lingine. Kwa vile tunashika simu watatu, leo nimefungua nikajikuta niko kwenye imeili ya bosi, Chrome ilikuwa imehifadhi pasiwedi yake. Nimetoka haraka lakini sijapenda, kesho kukipotea kitu nitaambiwa ni mimi. Nimeambiwa kuna hali fiche ya Chrome (incognito), ndio tuwe tunatumia hiyo?

---

Mzee_wa_Gungu

Mwanangu hapo ndipo pa kuangalia kuliko hata bando. Nimefanya kazi za masijala zamani za makaratasi, kila mtu alikuwa na kabati lake na ufunguo wake, simu imekuja kutufanya tuone haya ni mambo ya mchezo. Mwambieni bosi aingie kwenye mipangilio ya Chrome, sehemu ya pasiwedi zilizohifadhiwa, afute ya kwake, na kisha abadili pasiwedi yenyewe kwa sababu hamjui nani mwingine ameshaiona. Na Chrome ikiuliza ihifadhi, jibu ni kamwe.

Hali fiche ni nzuri kwa simu ya kuazima, ukiifunga haiachi historia wala kikao. Ila soma tena alichosema Fundi, ile nakala ya barua inayokaa ndani ya brauza nayo inafutika ukifunga hali fiche. Kwa hiyo ukitumia hiyo, drafti ya kwenye seva ndiyo tegemeo lako pekee. Mimi kwa simu ya watu watatu ningefanya kila mmoja awe na brauza yake, mmoja Chrome, mwingine Firefox, brauza hazichungulii vikao vya mwenzake. Sio ulinzi wa benki, mwenye nia mbaya atafungua tu, lakini inazuia hizi ajali za kuingia chumba cha mtu. Na kila ukimaliza bonyeza kutoka, kufunga ukurasa peke yake sio kutoka.

Tena angalizo jingine. Kuna barua zinakuja kwamba sanduku lako limejaa, bofya hapa au akaunti itafungwa, ukibofya unakuta ukurasa unafanana kabisa na wa kuingilia webmeili. Kwenye simu ni hatari zaidi kwa sababu sehemu ya anwani ni fupi, unaona kipande tu. Gusa ile anwani juu usome jina lote mpaka kwenye mkwaju (/) wa kwanza baada ya https:// au zile nukta mbili za kabla ya 2096. Jina lenye mamlaka ni lile la mwisho hapo, sio la mwanzo. Wanaweza kutanguliza jina la ofisi yenu mbele na mkia ukawa wa watu wengine kabisa. Njia rahisi ni kuiweka anwani halisi kama alama kwenye skrini ya kwanza ya simu na kuingilia hapo siku zote, kiungo cha kwenye barua msikiguse hata kikiwa cha kweli.

---

Reli_ya_Kati

Samahani kudandia uzi. Mimi napanda sana treni Tabora kwenda Kigoma, mtandao njiani unakuja na kuondoka, nikifika kama Nguruka nataka nitume niliyoandika tangu Kaliua, brauza imeshanitoa zamani. Kwa mtu kama mimi simu ni yangu peke yangu, bado mnanishauri brauza?

---

Fundi_Isevya

Reli wewe achana na brauza. Weka programu ya imeili. Ipo Thunderbird ya Android iliyotoka Oktoba 2024, imejengwa juu ya K-9 Mail ya zamani, na K-9 yenyewe bado ipo. Faida yake kwako ni kwamba haina kikao cha kufungiwa mlango, kila inapopata mtandao inagonga yenyewe kwa pasiwedi uliyoiweka, IP ikibadilika haijali. Unaandika hata hakuna mnara, unabonyeza kutuma, inakaa kwenye foleni mpaka mkifika penye mtandao.

Ukiulizwa wakati wa kuweka, chagua IMAP (njia inayoziacha barua kwenye seva), lango 993. Usichague POP. Kwa POP kuna programu zinavuta barua, zikishazishusha zinazifuta kwenye seva, siku ukiingia kwa brauza unakuta sanduku jeupe unapiga kelele umedukuliwa.

Dada wa Mwanga kwako wewe hii siipendekezi, simu ni ya watatu na nafasi hamna. Programu inabaki wazi muda wote, yeyote atakayeshika simu anasoma. Ungekuwa na simu yako ningesema hiyo hiyo.

Sasa Kapteni. Opera Mini ukiiweka kwenye ule ubanaji wa juu kabisa, ukurasa hauji kwenye simu yako moja kwa moja, unaenda kwanza kwenye seva za Opera, unapikwa huko, unaletewa picha yake nyepesi. Ndio maana bando halitembei. Lakini maana yake barua na pasiwedi yako vinapita kwa mtu wa katikati, na Roundcube inategemea sana JavaScript (programu ndogo zinazoendesha vitufe vya ukurasa) ambayo kwenye hali hiyo inaendeshwa kidogo tu kule kwenye seva kisha inasimamishwa, kwa hiyo vitufe vingine utabonyeza mpaka kidole kiote sugu. Kwa kusoma habari sawa kabisa. Kwa imeili ya ofisi hapana.

Na bando la webmeili sio kubwa kama watu wanavyoogopa. Roundcube ikija yenyewe haifungui picha za nje mpaka uruhusu, iache hivyo hivyo, inaokoa bando na inamnyima aliyetuma kujua kama umefungua. Idadi ya barua kwa ukurasa ni 50, punguza iwe 15 au 20, orodha inafunguka chap. Kinachokula ni viambatanisho, na zile nembo ambazo watu wanaziweka chini ya jina lao, barua ya mstari mmoja "sawa nimepokea" inakuja na picha nne.

---

Kapteni_Kibirizi

Daah Fundi umenipiga hadharani. Kwani hiyo hali ya kubana haiwezi kupunguzwa?

---

Fundi_Isevya

Inapunguzwa mkuu. Kwenye Opera Mini ya Android fungua menyu yake, nenda sehemu ya kuokoa data, utaona kuna ya juu kabisa na kuna ya kati. Ya kati ukurasa unafanya kazi kwenye simu yako kama brauza nyingine. Au zima kabisa wakati wa imeili uwashe ukirudi kwenye mambo yako.

---

bint_Mwanga

Mrejesho. Kaka aliyetutengenezea nimemuuliza hiyo ya IP, kasema kweli seva sio yake amekodi, hawezi kugusa, ila ameomba wamwongezee ukubwa wa faili na wamekubali, sasa MB 10. PDF ya risiti imeenda leo asubuhi na Dar wamejibu wameiona. Bosi amebadili pasiwedi yake, amehamia Firefox, Chrome tumebaki mimi na mwenzangu, tunakumbushana kubonyeza kutoka.

Ila Fundi, drafti zimekuwa nyingi mno. Kila barua niliyoikatisha ipo humo, nyingine naona kama zimejirudia. Nikizifuta hazitafuta na zile zilizotumwa?

---

Fundi_Isevya

Hazigusani, zilizotumwa zina folda lake. Kujirudia kunatokea ukitolewa nje katikati ya kuhifadhi, ukaingia ukarudisha ile nakala ya brauza, inakuwa barua mpya na ya zamani inabaki. Fungua ya juu kabisa uhakikishe ndio ndefu, zilizobaki futa. Halafu ukishafuta pita kwenye folda la takataka ulimwage, maana hadi hapo bado zinakula nafasi ya sanduku lenu.